Araknida maana yake "akina buibui": majibu ya maswali yenu kuhusu neno la Kigiriki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Morogoro, amerudi na daftari la bayolojia limeandikwa ngeli ya Arachnida. Nikamuuliza hilo neno maana yake nini, akasema wameambiwa ni msichana wa Kigiriki aliyelaaniwa na mungu wa kike akageuka buibui, ndo neno likatokea hapo. Sikuridhika, mana kwenye orodha hiyohiyo kuna nge na kupe, sasa huyo msichana aligeuka vyote hivyo? Naomba unieleweshe neno limetoka wapi hasa na lina maana gani.
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Swali lako nimekaa nalo wiki nzima kwa furaha mana umeshika penyewe kabisa. Kisa cha msichana kipo na ni kizuri, ntakusimulia, ila neno halikutoka kwake. Mambo yalikwenda kinyume chake: buibui alikuwa na jina lake zamani, msichana ndo akaitwa kwa jina la buibui.

Tuanze na neno lenyewe. Wagiriki buibui wanamwita arakhne, hiyo kh itamke kama ya Khamis au Khadija, na wala sio neno la kitaalamu, ni neno la nyumbani, la mtu anayefagia dari. Ukienda Athens leo ukamwonyesha mtoto buibui ukutani atakwambia arakhni. Na lina umri mkubwa sana. Kwenye utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, wa safari za Odysseus, ambao unakadiriwa kuwa na miaka kama 2,700, kuna pahali kijana Telemachus, mwana wa Odysseus, anarudi kutoka safari, kabla hajafika nyumbani anapitia kwa mchunga nguruwe wao anamuuliza, je mama bado yupo au ameshaolewa na mwanaume mwingine, na kitanda cha baba kimebaki bila wa kukilalia kimejaa utando wa buibui? Neno la utando hapo ni arakhnia. Yaani miaka yote hiyo baba hayupo, na kijana anapofikiria nyumba isiyo na baba kinachomjia kichwani ni utando. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Hesiod naye, mshairi wa zama hizohizo na mtu wa shamba, anamwambia ndugu yake kwamba akilima vizuri itafika siku atafukuza utando wa buibui kwenye vyombo vyake vya kuwekea chakula. Mtu yeyote aliyewahi kufungua ghala mwezi wa njaa anajua anachosema, mana chombo chenye nafaka kinafunguliwa kila siku, kisicho na kitu ndo buibui anajenga. Halafu mwaka 458 KK kule Athens ikachezwa tamthilia ya Aeschylus kuhusu mfalme Agamemnon, aliyeuawa na mkewe akiwa amenaswa ndani ya vazi kama samaki kwenye wavu, na wazee wa mji wanamlilia wanasema umelala ndani ya kitambaa hiki cha buibui. Angalia neno walilochagua, kitambaa. Kwa Wagiriki buibui alikuwa mfumaji kabisa, kazi yake na kazi ya mwanamke kwenye kitanda cha mfumi vilikuwa kitu kimoja machoni pao.

Hapo ndo msichana anapoingia. Kisa chake kwa ukamilifu tunakisoma kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika kwa Kilatini, kwenye kitabu kilichokamilika mwaka 8 BK. Toka Homer mpaka Ovid ni kama miaka 700, kwa hiyo watu walishafagia arakhnia kwenye vitanda na mitungi kwa karne saba kabla Ovid hajashika kalamu. Anasema Arachne alikuwa binti wa Idmon wa mji wa Colophon, pale magharibi mwa Uturuki ya leo karibu na Izmir. Baba yake alikuwa mtia rangi, anachovya sufu kwenye zambarau, mama ameshafariki, ukoo wao haukuwa na jina kubwa. Jina walilokuwa nalo lilitoka mikononi mwa huyo binti. Alikuwa anafuma mpaka watu wanaacha shughuli zao kuja kumuangalia, sio nguo iliyokwisha tu, hata anavyovuta sufu na kuzungusha uzi.

Watu wakasema huyu kafundishwa na Minerva, ambaye Wagiriki wanamwita Athena, mungu wa kike wa kazi za mikono. Arachne akakataa, akasema aje tushindane. Minerva akaja kwanza kwa sura ya bibi kizee mwenye mkongojo akamsihi aombe radhi, binti akamfukuza kwa maneno makali, ndo bibi akajifunua. Wakakaa kufuma. Minerva akafuma miungu imekaa kwenye viti vyao vya enzi, na pembeni akaweka picha za binadamu waliojilinganisha na miungu wakaadhibiwa. Arachne yeye akafuma maovu ya miungu hiyohiyo, jinsi walivyojigeuza wanyama ili kuwahadaa wanawake, na ya kwanza ni binti Europa anayebebwa baharini na Jupiter, mkuu wa miungu, aliyejifanya fahali.

Na kazi haikuwa na kasoro. Ovid anasema hata Wivu mwenyewe asingepata pa kulaumu. Minerva akakichana kile kitambaa, akachukua kile kijiti cha kupitishia uzi akampiga nacho kwenye paji la uso mara tatu mara nne, binti asivumilie akajitia kitanzi. Hapo Minerva akamhurumia, akamwinua, akasema utaishi ila utaning'inia wewe na kizazi chako, akamnyunyizia maji ya mmea wa uchawi, nywele zikadondoka, pua na masikio vikaenda, kichwa kikawa kidogo, vidole vikashikana na mbavu vikawa miguu na kilichobaki chote kikawa tumbo linalotoa uzi. Watu wengi wanakisoma kama onyo la kiburi. Mimi naona binti aliadhibiwa kwa kufuma jambo la kweli tena kwa ustadi, na Ovid mwenyewe hakuficha kwamba hakuna aliyeikuta kasoro ile kazi.

Sasa mama, kuhusu nge na kupe. Neno la daftarini sio arakhne tupu, kuna mkia, ile -ida. Mkia huo unatoka kwenye Kigiriki -ides, ambao zamani uliwekwa mwisho wa jina la mtu kuonyesha mwana wa fulani au wa ukoo wa fulani, kwa mfano mtoto wa Atreus aliitwa Atreides. Wataalamu wa viumbe wakauazima kutajia makundi. Na sisi tunacho kitu kinachofanana nacho sana, tena kinakaa mbele: akina. Ukisema akina Juma wamefika husemi wote wanaitwa Juma, unasema Juma na watu wake. Araknida ni hivyohivyo, ni akina buibui. Buibui ndo anatajwa kwa jina kwa sababu ndo anajulikana kila nyumba, nge na kupe wamo kwenye hiyo "akina".

Aliyewapa hilo kundi ni Jean-Baptiste Lamarck wa Ufaransa. Kabla yake Carl Linnaeus wa Uswidi, kwenye toleo la 10 la kitabu chake la mwaka 1758, aliwaweka buibui, nge, kupe, kaa na tandu chungu kimoja na chawa na viroboto, wote kawaita wadudu wasio na mabawa. Yaani alifanya kama sisi tunavyofanya kwa Kiswahili cha kila siku, kila kitambaacho chenye miguu mingi ni mdudu. Kwa hiyo mtoto akikurekebisha kwamba bibi kakosea kumwita buibui mdudu, mwambie hata baba wa elimu ya uainishaji alimwita hivyo. Lamarck ndo alipewa kusimamia wadudu na minyoo kwenye makumbusho ya viumbe pale Paris mwaka 1793, kazi ambayo wakubwa wengine hawakuithamini, akawachambua miaka kadhaa, na kwenye kitabu chake cha 1801 buibui na nge wakatolewa kwa wadudu wakapewa ngeli yao.

Alama za kuwajua ni hizi na mtoto azishike: mdudu halisi ana miguu 6, mwili umegawanyika mara tatu na kichwani ana vipapasio. Araknida aliyekomaa ana miguu 8, hana vipapasio kabisa, hana mabawa, kichwa na kifua vimeungana kuwa kipande kimoja halafu nyuma tumbo. Mbele ya mdomo ana viungo viwili vya kukamatia au kuchomea vinavyoitwa kelisera, nalo ni Kigiriki, khele ni kucha au gando na keras ni pembe, pembe zenye kucha. Kwa buibui ndo yale meno ya sumu. Yale magando makubwa ya nge ni viungo vingine vya pembeni yake, vinaitwa pedipalpi, usije ukavihesabu kama miguu ukapata 10. Buibui peke yao wameshapita spishi 50,000, nge ni zaidi ya 2,500, na wapo pia wale wekundu-kahawia wenye manyoya wanaokimbia kwa kasi ya ajabu usiku sehemu kavu, jina lao la kitaalamu ni la Kilatini, solifuga, mkimbia jua.

SWALI: Habari mwalimu, mimi mfugaji wa Kiteto. Afisa mifugo alikuja akasema kupe ni jamii ya buibui, tukabishana nae sana mana mimi kupe wadogo nimewahesabu miguu kwenye kiganja ni sita. Nani mkweli?

JIBU: Salama ndugu yangu, na wote mko sahihi, na nakupongeza kwa kuhesabu badala ya kubisha tu. Kupe akitoka kwenye yai anakuwa na miguu 6 kweli, ananyonya damu, anajivua ngozi na ndo anatoka na ya 8, anabaki nayo maisha yake yote. Tumbo na kifua kwa kupe vimeungana mpaka anaonekana kama mfuko mmoja ndo mana hafanani na buibui kwa macho, lakini vipapasio huwezi kuviona, hana.

Jina la kundi la kupe na utitiri ni akari, Kigiriki tena. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 KK, alitaja kijidudu cheupe kinachokutwa kwenye nta ya zamani akakiita akari, na inaelezwa neno limetokana na kitu kidogo mpaka hakikatiki. Hilo neno wewe unalitumia bila kujua, hiyo dawa ya josho ambayo maafisa wanaiita akarisaidi ni akari na neno la Kilatini la kuua. Na unajua kwanini unaogesha, yule kupe wa kahawia anayependa masikio ya ng'ombe ndo anabeba ndigana kali.

Nimtaje na papasi hapa mana barua za papasi zinakuja kila mara. Papasi ni kupe laini, haning'inii mwilini kama yule wa ng'ombe, anakaa kwenye nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu, usiku anatoka ananyonya haraka anarudi, asubuhi hujui aliyekuuma. Ndo analeta homa ya papasi. Daktari mmoja Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alikuwa anachunguza ugonjwa huo huko Congo akaupata mwenyewe akafia Kasongo Februari 1905, na mwaka huohuo Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani wa vijidudu, huku kwetu, enzi za Wajerumani, akakuta vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai ya papasi. Maana yake papasi anaweza kuzaliwa tayari ana ugonjwa, bila kumuuma mgonjwa kwanza. Ndo mana kumhamisha mgonjwa peke yake haitoshi, inabidi nyumba yenyewe izibwe nyufa na sakafu isakafiwe.

Na wakulima wa nyanya mnaosoma, yule utitiri mwekundu anayefanya majani yawe na madoa ya njano halafu yanafungwa na utando mwembamba, utando huo ni uzi kweli, ni araknida mwenzetu huyo. Dawa nyingi za wadudu hazimpati, na nyingine zinaua wadudu wanaomla ndo anazidi kuongezeka, mtu anapiga dawa wiki kwa wiki shamba linakauka. Ukienda dukani usiseme dawa ya wadudu, sema dawa ya utitiri, na usome lebo kama imemtaja.

SWALI: Mwalimu naandika nikiwa na wasiwasi. Ndugu yangu amelazwa, kwenye karatasi wameandika kavuja damu "subaraknoidi". Nikatafuta neno kwenye simu nikaona mambo ya buibui, sasa najiuliza kaumwa na buibui mwenye sumu au vipi, na hakuna aliyetueleza.

JIBU: Pole sana, na Mungu amjalie nafuu. Hapana, hakuna buibui aliyemuuma, hapo neno linaelezea sura tu. Ile -oidi ya mwisho ni Kigiriki eidos, umbo au sura, kwa hiyo araknoidi ni kinachofanana na utando wa buibui. Ubongo umefunikwa kwa ngozi tatu. Ya nje ni ngumu, ya ndani ni laini imegandana na ubongo, na ya katikati ndo araknoidi, nyembamba sana na upande wake wa chini una nyuzinyuzi zinazoishika na ile ya ndani, aliyeiangalia kwa mara ya kwanza ni lazima alikumbuka kona ya dari. Sub ni Kilatini, chini ya. Kwa hiyo damu imevuja chini ya huo utando, kwenye nafasi ambayo kawaida ina maji yanayouzunguka ubongo. Mara nyingi inatokana na mshipa uliovimba kama puto ukapasuka, au mtu kugongwa kichwa. Ni jambo kubwa, kwa hiyo muombeni daktari akae na nyinyi awaeleze chanzo kwa huyo mgonjwa wenu na wanafanya nini, mna haki ya kuuliza.

Kitu kingine labda kitakufariji kidogo unapokaa pale wodini: zile ngozi za nje na za ndani kwa Kilatini zinaitwa mater, mama, na hiyo ni tafsiri ya waganga wa Kiarabu wa zamani waliouita ule mfuniko umm, mama wa ubongo, kwa jinsi ulivyoukumbatia.

SWALI: Mwalimu, mimi Mswahili niko Muscat. Hiyo arakhne na ankabuti yana undugu?

JIBU: Hayana. Ankabuti ni la ukoo wa Kiarabu, ndugu yake wa karibu ni Kiebrania akavish, na ndo jina la sura ya 29 ya Qurani ambayo aya ya 41 inasema nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni ya buibui. Arakhne ndugu yake ni Kilatini aranea, na watoto wa aranea bado wapo, Wareno wanasema aranha, na wenzetu wa Congo wanaosoma Kifaransa wanamjua kama araignée. Buibui letu halimo kwenye koo hizo mbili, na pale Pwani linabeba na lile vazi jeusi la kina mama, yaani sisi pia mdudu na nguo tumewaweka kwenye neno moja, kama wale wazee wa kwenye tamthilia ya Agamemnon na kitambaa chao.

SWALI: Na tandu je? Ana sumu, ana miguu mingi, mbona hamjamtaja?

JIBU: Tandu hayumo. Mtazame kichwani, ana vipapasio viwili virefu, hapo tu ameshatoka kwa akina buibui, na miguu yake inazidi 8 kwa mbali sana. Anakaa ukoo mmoja na jongoo. Ila kumkwepa mkwepe vilevile, na kabla ya kuvaa viatu asubuhi vikung'ute, mana humo unaweza kumkuta yeye au nge.